Paa la Kioo Chini ya Mvua ya Juba

Mwenye gari la fahari lenye paa la kioo huamini, na muuzaji wake aghalabu humwacha aamini, kwamba kile kioo pamoja na mpira unaokizunguka vimewekwa ili maji yasipite hata tone; na imani hiyo, ambayo haina asili yoyote katika uundaji wa chombo chenyewe, ndiyo chanzo cha hasara nyingi zinazoonekana katika gereji za Juba kila mwaka mvua zinapoanza kushika mwezi wa Aprili. Waundaji wa mapaa haya hawakuutumainia mpira peke yake. Walijua tangu mwanzo kuwa kitu kinachofunguka na kufungwa, kikapigwa na jua na kutikiswa na njia, hakiwezi kuziba milele. Kwa hiyo wakaukubali upenyo mdogo wa maji kuwa jambo la lazima, wakayafanyia maji hayo mfereji wa kuyapokea na mirija ya kuyatoa nje, hata nusu ya kazi ya paa ikawa juu, machoni pa watu, na nusu ya pili ikafichwa ndani ya nguzo za bodi, mahali ambapo mwenye gari hapaoni tangu siku anayolinunua hata siku anayoliuza.

Chini ya kioo cha mbele, kile kinachoteleza juu ya reli, kuna fremu iliyolizunguka tundu lote, na ukingoni mwake umechongwa mfereji mwembamba. Katika pembe za mfereji huo kuna matundu madogo, kwa kawaida mawili mbele na mawili nyuma, na katika kila tundu umechomekwa mrija wa mpira au wa plastiki usiofikia unene wa kidole. Mirija ya mbele hushuka ndani ya nguzo mbili zinazokishika kioo kikubwa cha mbele, ikatokea karibu na bawaba za mlango au nyuma ya tairi la mbele. Ile ya nyuma hushuka ndani ya nguzo za nyuma, ikatokea katika upinde wa tairi au nyuma ya bampa. Aliyelelewa katika nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja, yenye sakafu bapa juu na milizamu ya kuyatupa maji njiani, hana haja ya kuelezwa zaidi, kwa maana anajua kuwa chumba cha chini huharibika siku mlizamu unapoziba, hata chokaa ya sakafu iwe nzima namna gani.

Wala maji yenyewe si haba. Juba hupata kwa mwaka wastani wa milimita 950 hivi za mvua, nyingi mno kati ya Aprili na Oktoba, na aghalabu huja kwa dhoruba kali zinazomaliza kazi yao kwa saa moja au mbili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi dhoruba ya milimita 40 ikilipiga paa la kioo lenye mita moja na nusu ya mraba, lita 60 zimemiminwa juu yake, yaani madumu matatu ya lita 20. Sehemu kubwa huteleza pembeni ikaanguka chini. Lakini hata tukikadiria kuwa sehemu moja tu katika ishirini ndiyo inayoupenya mpira na kuingia mferejini, hizo ni lita tatu, na lita tatu zikikosa njia ya kutokea nje zitatokea ndani, juu ya ngozi ya viti, juu ya kapeti, na juu ya nyaya za umeme.

Magari ya anasa yamezidi kuonekana mjini tangu uhuru wa Sudan Kusini wa tarehe 9 Julai 2011, yakapita njia ya Wizara na mitaa ya Thong Piny na Hai Cinema kana kwamba lami haina mwisho, ilhali mwendo mfupi tu kutoka barabara kuu huyafikisha katika vumbi na mashimo. Linaloheshimika kuliko yote ni Land Cruiser, ambalo watu hulitaja kwa injini yake tu, V8. Nalo huwa na sanrufu ndogo, si paa zima la kioo, lakini mfereji wake na mirija yake ni ya kanuni ileile. Baada yake huja Range Rover, BMW X5, Mercedes na Audi Q7, ambayo mengi yake yana kioo kinachoanzia karibu na kichwa cha dereva hata nyuma ya abiria. Si yote yaliyonunuliwa kwa mali ya watu binafsi. Mwaka 2018 ilienea duniani habari kwamba wabunge 400 walipewa dola 40,000 kila mmoja kwa ajili ya magari, jumla dola milioni 16, na mjadala uliofuata ulihusu haki ya matumizi hayo katika nchi iliyokuwa vitani. Mimi nasema kuna mjadala wa pili ambao haujafanywa: katika nchi ambayo mwalimu hukaa miezi bila mshahara, gari la thamani hiyo kuharibika kwa kukosa mtu wa kusafisha mirija minne ni dhuluma juu ya dhuluma, na afisa aliyekabidhiwa gari la umma hana udhuru wa kusema kuwa mambo ya paa ni ya fundi.

Hali ya hewa ya Juba, kwa bahati mbaya, imepangika kwa namna ya kuyaharibu mapaa haya kwa zamu mbili. Zamu ya kwanza ni kiangazi, kuanzia Desemba hata Machi, wakati vumbi jekundu linaponyanyuliwa na magari na pepo likaingia kila penye nafasi. Na vumbi hilo, likichanganyika na mafuta ya reli, huwa ukoko mgumu mferejini. Kisha kuna miti. Mji huu umejaa miembe na miarobaini, na kila mwenye gari, kwa kukimbia jua, huliegesha chini ya mwembe pasipo kufikiri kuwa katika miezi ya maua mwembe hudondosha vumbi la njano na vijiti vya maua siku nzima, na mwarobaini hupukutisha majani yake membamba ambayo ni kana kwamba yalikatwa kwa kipimo cha tundu la mrija. Jua nalo halisamehi. Juba iko karibu digrii tano kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Aprili na karibu na tarehe 10 Septemba. Na joto la kiangazi limekuwa kali hata serikali ikalazimika kufunga shule mwezi Machi 2024, na ikazifunga tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzirai. Joto linalomwangusha mtoto darasani hukausha mpira wa paa ukawa mgumu, hulegeza gundi ya kitambaa cha dari, na huifanya plastiki ya reli iwe ya kuvunjika kwa kuguswa.

Zamu ya pili ndiyo masika, nayo hukuta kila kitu kimekwisha kuandaliwa na kiangazi.

Dalili za kwanza ni ndogo na za kimya, ndiyo maana hupuuzwa. Asubuhi baada ya mvua vioo vimefunga ukungu kwa ndani, na ukungu huo hauondoki upesi hata kiyoyozi kikiwashwa. Harufu ya uvundo, ile ya nguo zilizokunjwa kabla ya kukauka, humpokea mtu anapofungua mlango, akadhani ni viatu vya watoto. Kitambaa cha dari huonyesha doa la rangi ya chai karibu na nguzo ya mbele au pembeni mwa taa ya ndani, na doa hilo lina ukingo mweusi kidogo kwa kuwa kila mvua huleta vumbi lake. Dereva akipinda kona kwa kasi, au akikanyaga breki kwa ghafula penye shimo, maji baridi hushuka begani mwake kutoka kwenye kishikio cha juu ya mlango. Haya ni maji yaliyokuwa yametuama mferejini yakingoja gari liiname. Baada ya hapo kapeti ya miguuni hulowa, na aliyezoea kuweka mipira ya kukanyagia juu ya kapeti anaweza kukaa muda mrefu asitambue kuwa sponji iliyo chini imeshiba maji.

Lakini katika mji ambao kiyoyozi huwashwa mwaka mzima lipo jambo moja la kuangalia kabla ya kulishutumu paa. Kiyoyozi hutoa maji yake yenyewe, ambayo hudondoka chini ya gari kwa mrija maalumu. Na mrija huo ukiziba, maji hurudi ndani yakalowesha kapeti, kwa kawaida miguuni mwa abiria wa mbele. Basi kapeti ikilowa mwezi wa Februari, mbingu kavu na gari halikuoshwa, na maji yenyewe ni safi yasiyo na harufu, mwenye gari autafute mrija wa kiyoyozi. Ikilowa baada ya mvua tu, au baada ya kuoshwa kwa mashine ya maji ya nguvu, na maji yana wekundu wa vumbi, hapo paa lina kesi ya kujibu, ingawa mpira wa kioo kikubwa cha mbele na karatasi ya plastiki iliyo ndani ya mlango nazo hazijaondolewa katika orodha ya washukiwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike, nalo ni silikoni. Dawa inayotolewa na gereji nyingi kwa paa linalovuja ni kupaka silikoni kuzunguka kioo chote, kazi ya robo saa ambayo huonekana safi na huleta fedha za haraka. Na jirani yangu mmoja, mfanyabiashara mwenye gari la kioo cha paa zima, alitibiwa hivyo mwanzoni mwa mvua, akalipa, akarudi nyumbani kwa furaha. Dhoruba iliyofuata ilimwagika ndani zaidi ya ya kwanza. Alipolipeleka gari kwa fundi mwingine upande wa Gudele, kijana wa kutoka Arua aliyekaa Juba miaka mingi, nilifuatana naye, nikawasikia wakizungumza.

“Mwanangu, nimekwisha kuambiwa kuwa raba imekufa,” jirani akasema. “Niagizie mpya Kampala.”

“Raba ni nzima, mzee,” yule kijana akajibu, akipitisha kidole juu ya silikoni iliyokauka. “Raba tuiache kwanza. Hebu tutie maji tuone yanatokea wapi.”

Alitumia sehemu kubwa ya asubuhi kukwangua silikoni kwa kijiti cha mti, asitumie kisu wala bisibisi ili asikwaruze rangi, na alipofungua kioo tulikiona kilichokuwa kimetendeka. Silikoni ilikuwa imeingia mferejini na kukauka, ikafunika tundu moja la mbele kabisa na la pili nusu yake. Maji yaliyokuwa yakipenya kidogo kwa nyuma, ambako silikoni haikushika vizuri, yalikuwa hayana tena pa kutokea. Fauka ya hayo, kioo kilichogandishwa na fremu kilipolazimishwa kufunguka kiliivuta mota kwa nguvu ambayo haikuundwa kuistahimili. Na silikoni ya bei nafuu, ile yenye harufu ya siki, hutoa tindikali inapokauka, na tindikali hiyo ikilikuta bati lililokwaruzwa huliletea kutu. Kwa hiyo nasema pasipo kuuma maneno: fundi anayepaka silikoni juu ya sanrufu kabla ya kupima mirija hatibu kitu, na mwenye gari ana haki ya kukataa kumlipa.

Kupima ni kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuitenda nyumbani. Gari liegeshwe mahali tambarare, kioo kifunguliwe chote, mfereji upanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa ili uchafu wa juu usisukumwe ndani ya matundu. Kisha achukue kikombe cha maji safi, ayamimine polepole katika pembe moja, kwa uzi mwembamba, huku mtu wa pili akichutama kando ya tairi kutazama. Mrija ulio wazi huyameza maji mara moja, na kabla ya kikombe kwisha mtu wa chini atayaona yakidondoka mfululizo juu ya udongo. Mrija uliobanwa huyaacha yapande mferejini, yazungukezunguke, yashuke kwa kusitasita; ulioziba kabisa huyaacha yatuame. Ipo hali ya nne, iliyo mbaya kuliko hizo: maji yanashuka upesi juu, lakini chini hayatoki, maana yake mrija umechomoka au umepasuka ndani ya nguzo na kila kikombe kinamwagwa chini ya dashibodi. Hapo aache kumimina mara moja. Pembe zote nne zipimwe moja moja, na pembe za nyuma, ambazo katika magari mengi zimefichika chini ya kioo kisichofunguka, zinahitaji fundi anayejua kuzifikia.

Kuzibua kunataka upole. Yule kijana alitumia uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani, urefu wa mita mbili hivi, ncha yake ameiyeyusha kidogo kwa kiberiti ikawa ya mviringo. Akausukuma kwa vidole viwili, akauzungusha, akauvuta, akautumbukiza tena, hata ulipogusa kizuizi hakuulazimisha bali alikilainisha kwa maji ya uvuguvugu. Kutoka mrija wa kushoto kulitoka tope jekundu lenye majani ya mwarobaini, zito kama uji. Waya wa chuma haufai, kwa kuwa hutoboa mrija. Na upepo wa kompresa, ambao mafundi wengi huuona kuwa ni njia ya mkato, ni hatari isiyokadirika: ukipulizwa kwa nguvu kutoka juu huuchomoa mrija kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na kosa la dakika moja huwa kazi ya siku mbili. Mashine ya kufyonza vumbi ikiwekwa mwisho wa chini hutenda vizuri zaidi. Mwisho huo nao usisahauliwe, kwani magari mengi yana kipande cha mpira chenye mdomo uliochanwa, kilichokusudiwa kuruhusu maji yatoke na kuzuia wadudu wasiingie. Na tope la barabara za Juba likirukia pale na kukauka hukifunga kama gundi. Kukiminya na kukiosha kunatosha.

Mrija ukiwa umechomoka, kifuniko cha nguzo hakina budi kutolewa, na hapa namwomba mwenye gari awe mkali kwa fundi wake. Ndani ya nguzo na pembezoni mwa dari ya magari haya kumefichwa mifuko ya hewa ya kuokoa maisha, ambayo hufumuka kwa baruti. Atakayeng'oa kifuniko bila kutenganisha betri na kungoja dakika kadhaa huchezea kitu kinachoweza kumvunja uso, na atakayekirudisha vibaya huenda akauzuia mfuko kufumuka siku utakapohitajika.

Kinachoipa hasara hii uzito wake ni umeme. Magari ya anasa ya miaka hii yana visanduku vya kompyuta visivyo na hesabu rahisi, na waundaji wengi wamevificha mahali pa chini: chini ya viti, chini ya kapeti, pembeni mwa buti, penye gurudumu la akiba. Maji ya paa yakivifikia hapo, gari huanza kuugua maradhi yasiyofanana na chanzo chake. Kioo cha mlango hushuka chenyewe, redio hunyamaza, taa za onyo huwaka dashibodini bila mpangilio, betri huisha usiku gari likiwa limezimwa, na fundi wa umeme hubadilisha betri, kisha altaneta, kisha kisanduku chenyewe kilichoagizwa kutoka Dubai au Nairobi, na mvua inayofuata huharibu na kile kipya. Nimeona watu wakilaani uundaji wa Ulaya kwa ubaya uliofanywa na majani ya mti wao wenyewe. Kwa hiyo kila tatizo la umeme linalozuka baada ya mvua lianziwe kwa mkono chini ya kapeti. Ikiwa kumelowa, kapeti iinuliwe yote na sponji yake itolewe nje, kwa sababu sponji nene hushika maji kwa majuma hata ikiwa juu inaonekana kavu. Na katika hili jua la Juba, ambalo limesababisha nusu ya maradhi, hutoa tiba bila malipo, maana mchana mmoja au miwili juani hukausha kile ambacho Ulaya kingehitaji mashine.

Matatizo mengine ya paa ni mepesi kueleza. Mlio wa kugugumia penye mashimo huwa ni mpira mkavu unaosuguana na kioo, nao hutulizwa kwa kuupangusa na kuupaka grisi ya silikoni kidogo sana, kitu tofauti kabisa na ile silikoni ya kuzibia niliyoilaani. Mlio wa kukwaruza au wa kuvunjika wakati kioo kinapoteleza una maana ya kuwa reli ina mchanga au kiatu cha plastiki kimekatika. Na hapo kioo kifungwe kisifunguliwe tena mpaka kikaguliwe, kwa kuwa upande mmoja ukitangulia mwingine, fremu nzima hupinda, na kubadilisha fremu ni kushusha dari yote ya gari. Reli zipakwe grisi iliyoagizwa na kitabu cha gari, wala zisipakwe oili chafu ya injini, ambayo hushika vumbi siku ileile. Betri ikishatenganishwa, paa hupoteza kumbukumbu ya mwanzo na mwisho wake, likawa linafunga nusu na kurudi; katika magari mengi hurudishiwa kumbukumbu kwa kushikilia swichi mpaka litakapokamilisha mzunguko wake, kama kitabu kinavyoeleza. Na likikwama wazi mvua ikija, mengi yana tundu la ufunguo wa pembe sita nyuma ya taa ya ndani, ambapo mota huzungushwa kwa mkono.

Kioo chenyewe kina mashaka yake. Kilichopashwa moto na kupozwa ghafula ili kiwe kigumu hustahimili mengi, lakini kikipata jeraha dogo ukingoni, au kikiwa na chembe mbaya tangu kiwandani, huweza kupasuka chote kwa mara moja, kikawa punje maelfu. Mwaka 2017 jarida la Consumer Reports la Marekani lilikuta malalamiko yasiyopungua 859 ya namna hiyo yaliyofikishwa kwa idara ya serikali tangu mwaka 1995, na Audi ilikuwa imeyaita magari yake ya Q5 mwaka 2012 kwa sababu hiyo. Mercedes-Benz nayo, mwishoni mwa 2019, ilianza kuyaita karibu magari 745,000 ya Marekani yaliyoundwa kati ya 2001 na 2011, kwa kuwa gundi ya kioo cha paa iliweza kuachia. Na magari ya umri huo bado huuzwa mkono wa pili katika nchi zetu. Hata kuziba kwa mirija kumefikishwa mahakamani, katika jimbo la New Jersey, ambako wenye Volkswagen na Audi walishtaki kuwa maji yalikuwa yakiwaingilia, na shauri likadumu miaka kadhaa kabla ya suluhu. Kioo kikipasuka gari likiwa mwendoni, dereva asisimame kwa hamaki katikati ya njia. Apunguze mwendo, avute pazia la ndani kama halijafungwa, asogee kando, kisha tundu lifunikwe kwa turubai na utepe. Katika Juba lipo jambo la ziada ambalo serikali imelikataza mara nyingi na halijakoma, nalo ni risasi za shangwe usiku wa sikukuu. Usiku huo gari la paa la kioo lilale chini ya bati.

Inabaki habari ya kununua. Sudan Kusini huendesha kulia, tofauti na Uganda na Kenya, kwa hiyo magari mengi yenye usukani wa kushoto hutoka Ghuba, yakashushwa Mombasa na kupandishwa hadi Nimule mpakani, na kutoka hapo hadi Juba ni kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012. Mnunuzi huyapenda kwa kuwa hayana kutu. Asichokifikiri ni kwamba gari lililokaa Dubai miaka kumi huenda halikupata mvua ya kutosha kulipima paa, mirija yake imejaa mchanga wa jangwa, na mpira wake umekaushwa na jua kali kuliko letu. Siku ya kwanza ya mvua ya Juba ndiyo mtihani wake wa kwanza. Kadhalika, tarehe 16 Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliikumba Dubai na magari mengi yakazama, basi mnunuzi wa gari lililotoka huko baada ya siku hiyo anayo haki ya kuuliza lilikuwa wapi.

Mnunuzi aende katika uwanja wa kuuzia magari na kukagua kwa mkono wake. Auvute mkanda wa usalama mpaka mwisho, atazame kama sehemu ile isiyofunuliwa kila siku ina mstari wa tope. Apapase reli za viti kwa chini, atafute kutu. Ainue kapeti ya buti na kulitazama shimo la gurudumu la akiba. Anuse, kabla muuzaji hajawasha kiyoyozi, na awe na shaka na manukato mengi. Afungue na kufunga paa mara tatu, asikilize. Kisha aombe kikombe cha maji na mtu wa kuchutama kando ya tairi. Na muuzaji akikataa, mnunuzi atie bei ya paa zima katika hesabu yake, kazi ya dari na kapeti pamoja, au aende zake kwa muuzaji mwingine.